Mwezi Nilioubandika kwa Sandarusi

Nimekosa, ndugu zangu. Sitafuti maneno ya kuzunguka. Ramadhani hii iliyopita niliwalisha watu wa mji mzima mchana wa kufunga, kwa kiapo changu mwenyewe. Nilisema mwezi wa Idi umeandama. Haukuandama!

Jina langu msiniulize. Mimi ni mzee wa Mafia, upande wa Kiegeani. Nasomesha watoto Kurani na watu huniita Maalim. Lakini maalimu kisiwani tuko wengi, Alhamdulillahi, na katika wingi huo naomba mniache nijifiche.

Nilivyojiingiza humo nitawaeleza, na mkicheka chekeni. Mke wangu bado anacheka.

Tangu ujanani mimi ndiye niliyekuwa jicho la mji wetu. Sheria inajulikana: mwezi wa kufunga unatosha kwa shahidi mmoja mwadilifu, lakini wa kufungua unataka wawili. Basi wa kwanza nilikuwa mimi, na wa pili mwamu wangu Makame, kaka wa mke wangu. Mtu huyu tangu nilipomwoa dada yake hajakubali nimtangulie kwa lolote. Nikisema nimeuona mwezi, yeye ameuona kabla yangu. Nikisema nina homa, yeye anayo na baridi juu yake.

Na nafasi ile niliipenda. Niseme kweli, niliipenda kuliko inavyompasa mtu wa dini. Kusimama mbele ya watu, wote wamenyamaza, wanangoja mdomo wangu! Imamu mwenyewe haanzi takbira mpaka mimi niseme.

Sasa, macho yakaanza kunikimbia. Kurani ninayo kifuani, kwa hiyo darasani hakuna aliyetambua. Nikitaka kusoma kitabu kingine najifungia ndani na kioo changu cha mkono kinachokuza herufi. Lakini barabarani nilikuwa naaibika. Siku moja nilimpa shikamoo mbuzi mweupe aliyelala barazani kwa mama mkwe. Nikangoja marahaba! Mke wangu akauliza, "Baba Zuhura, unaongea na nani hapo?" Nikamwambia nilikuwa nasoma uradi.

Badala ya kumwambia Imamu, "Macho yangu yamechoka, tafuteni mwingine," nikanyamaza. Kosa lote limeota hapo.

Miezi kadhaa kabla ya Ramadhani nilivuka kwenda Chole kuhani msiba. Huko, karibu na boma la Wadachi, nikamkuta Mgoa mmoja mpiga picha, amekaa chini kashika tama. Sanduku lake la picha lilikuwa limetumbukia majini alipokuwa akishuka mtumbwini. Mkononi ameshika kioo chake, kidogo, mviringo, kimeingia ukungu kama jicho la mzee.

"Pole, bwana," nikamwambia. "Kimevunjika?"

"Heri kingevunjika, Maalim, nikasahau! Hivi ni vioo viwili, vimegandishwa kwa utomvu wa mti. Maji ya chumvi na jua vimeuharibu utomvu, sasa vinaachana ndani kwa ndani. Kuvigandisha upya ni kazi ya mafundi wa Ulaya."

Nikacheka moyoni. Utomvu wa mti! Pwani hii watu wanachimba sandarusi ardhini tangu enzi za mababu. Ni utomvu wa kale uliokauka ukawa kama jiwe la asali, na unapakiwa merikebuni kwenda huko huko Ulaya kupikwa rangi ya kung'arisha mbao. Leo kioo nacho kiifuate sandarusi yetu ng'ambo ya bahari, wakati mimi ninayo chini ya kitanda kwa ajili ya kufukizia nyumba?

Nikamwomba kile kioo. Akanipa upesi, bure, kama mtu anayegawa paka mwizi.

"Utakifanyia nini?"

"Nitakitibu."

Laiti ningejitibu kiburi kwanza!

Nilirudi Kiegeani nikaanza ufundi. Nikatandika kitambaa ndani ya sufuria, nikatia maji, nikakilaza kioo humo, nikawasha moto mdogo. Mke wangu akaja, akafunua kifuniko.

"Unachemsha nini kwenye sufuria yangu ya uji?"

"Kioo."

"Kitaiva lini? Nisitie chumvi?"

Kupika kioo kunataka subira. Maji yakipata moto ghafla kinapasuka, kwa hiyo nilikaa jikoni na moto wa vijiti viwili vitatu, mpaka ule utomvu wa zamani ukalegea na vioo vikateleza, kimoja huku, kimoja huku. Nilipiga takbira! Nikaviosha kwa siki, nikavifuta kwa ncha ya kanzu kuukuu iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya mtoto. Ukungu ukaondoka wote.

Ikabaki gundi. Nikaisaga sandarusi, nikaiyeyusha motoni, nikaizimua kwa mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi, ndugu zangu! Fundi yeyote wa milango angenizuia. Mafuta ya nazi hayakauki asilani. Mafundi hutumia mafuta mengine, yale yanayoshika na kuwa magumu. Lakini ningemwuliza fundi, angeniuliza, "Kioo cha nini, Maalim?" Basi sikuuliza.

Nikapaka tone moja, nikabana vioo viwili kwa kidole, nikaviweka juani. Jioni nikavichukua. Havikubanduka. Safi kama maji ya kisimani!

Nikakata mwanzi, nikauondolea vifundo vya ndani. Upande wa mbele nikafunga kioo changu cha kusomea, upande wa jicho nikakifunga kile cha Mgoa. Nikatazama mnazi wa jirani adhuhuri. Nikaona hata sisimizi wanaopanda, ila kila kitu kichwa chini, miguu juu. Hilo halikunisumbua. Nikasema, mwezi hauna miguu.

Kila nilipoujaribu mwanzi wangu ilikuwa mchana. Shikeni hapo.

Ikafika jioni ya siku ya ishirini na tisa. Tukatoka, wanaume wote, mpaka kwenye uwazi unaotazama magharibi. Mbingu ilikuwa na utandu mwembamba, na kibaridi kimeshaanza. Vijana wenye macho yao wakatazama, wakatazama, hakuna kitu.

"Tukamilishe thelathini," Imamu akasema.

"Ngojeni," nikasema, nikautoa mwanzi ndani ya kanzu.

Watu wakanong'ona. Makame akasema kwa sauti, "Hee! Mwamu leo kaja na filimbi."

Nikauelekeza mwanzi pale jua lilipotua. La ilaha illallah! Huo hapo! Mwembamba kama ukucha uliokatwa, unang'aa, pembe zake zimekaa vizuri. Machozi yalinitoka. Nikasema moyoni, Mola ameupokea ufundi wangu.

"Umeandama!"

"Hebu," Makame akaninyang'anya mwanzi. Akatazama. "Naam. Naam! Huo!"

Kisha, kwa sababu Makame hawezi kuona kitu kwa msaada wangu akalala usingizi, akaushusha mwanzi, akaweka kiganja juu ya macho, akasema, "Ah! Mbona hata kwa jicho tupu unaonekana? Juu ya mnazi uliopinda pale. Mnasumbuka na mianzi ya nini?"

"Mbona sisi hatuuoni, babu?" vijana wakamwuliza.

"Mtauona wapi, na macho yenu yamekesha ngomani!"

Imamu akatugeukia. "Mnashuhudia?" Tukashuhudia. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, wote wawili. Baragumu likalia, takbira zikapanda, wanawake wakaanza kutwanga viungo usiku ule ule.

Alfajiri nikatoka na mwanzi kwenda kutazama nyota, kwa furaha tu, kama mtoto na kiatu kipya. Kulikuwa bado na baridi. Nikauelekeza mashariki, na mwezi ukawa huko.

Nikashtuka. Mwezi mwandamo mashariki, alfajiri? Nikaelekeza kaskazini. Mwezi. Nikaelekeza banda la kuku. Mwezi juu ya kuku! Nikauzungusha mwanzi taratibu, na mwezi nao ukazunguka, pembe zikatazama chini.

Nikakitoa kioo cha Mgoa, nikakiweka karibu na jicho. Pembeni, gundi yangu ilikuwa imejivuta kwa baridi ikabanduka ukingoni, imeacha upenyo mwembamba uliopinda, unaometa kila mwanga unapougusa. Ule ndio mwezi wangu wa Idi.

Na hapa ndipo dhambi yenyewe inapoanza. Kukosea kuona, Mungu husamehe. Lakini wakati ule watu walikuwa hawajala! Pilau ilikuwa ndiyo kwanza inatiwa motoni. Ningepiga hodi kwa Imamu, mambo yangekwisha kwa aibu ndogo.

Badala yake nikaenda kwa Makame. Nikamkuta anajipaka wanja.

"Mwamu," nikamwambia, "hivi jana uliuona mwezi kwa jicho tupu kabisa?"

"Waziwazi! Kama ninavyokuona wewe."

"Hata bila mwanzi?"

"Mwanzi ulinizibia tu."

Alhamdulillahi! Nilipumua. Basi mwezi uliandama, Makame kauona, na ule wangu wa gundi umetokea tu kando yake kama mwenzake. Na shahidi wa pili? Nikajiambia shahidi wa pili ni neno refu, litaangaliwa baadaye. Elimu yangu ikageuka wakili wa tumbo. Nikakumbuka kwamba kufunga siku ya Idi ni haramu. Je, nikifunga na kumbe ni Idi? Si nitaasi? Basi heri nile! Nikala tende moja kabla ya sala, kama sunna inavyotaka.

Tukasali. Imamu akahutubia juu ya ukweli. Wallahi, juu ya ukweli! Sikupata kusikia hotuba ndefu kama ile.

Baada ya sala watu wakamiminika uani kwangu, maana tulikuwa tumekubaliana sufuria kubwa zipikwe hapo. Watoto wamevaa mapya, kahawa inamiminwa, maandazi yanazunguka. Mke wangu akaniletea sahani. Sikuigusa.

Akainama sikioni. "Una nini? Unaumwa?"

"La."

"Basi kula, watu wanakutazama."

"Mama Zuhura," nikanong'ona, "sina hakika kama leo ni leo."

Akanitazama. Mke wangu hajasoma vitabu vyangu, lakini mimi ananisoma. Nikamweleza yote, kioo, gundi, kuku.

"Ulijua tangu alfajiri?"

"Nilijua nusu."

"Na mimi nimekula maandazi kwa ushahidi wako!" Akasimama wima. "Pilau bado haijapakuliwa. Utasema wewe au niseme mimi? Nikisema mimi, nitaanza na yule mbuzi."

Kumbe alijua! Nikasimama mwenyewe.

Nikasema, "Jamani, nisikilizeni. Mwezi niliouona jana haukuwa mbinguni. Ulikuwa ndani ya kioo changu."

Mara kicheko. Walidhani ni mzaha wa sikukuu! Nikamkabidhi Imamu mwanzi. "Tazama, Shehe. Popote utakapoelekeza utauona."

Imamu akatazama mnazi, akatazama paa, akanitazama mimi. "Maalim, sioni kitu. Kioo ni safi."

Nikautwaa. Safi! Jua lilikuwa limeshapanda, gundi imelainika, upenyo umejifunga kama haujapata kuwako. Ewe Mola, mtu anakataliwa hata kukiri?

"Mwamu wangu kachoka na funga," Makame akasema, anavuta sinia karibu. "Mwezi uliandama, mimi niliuona. Mama Zuhura, pakua!"

"Pakua!" watu wakaitikia. Nani anataka kuambiwa arudishe mdomo nyuma, na harufu ile ya iliki imejaa uani? Ningeweza kukaa nikala. Nilikuwa nimekwisha kusema, hawakusadiki. Shetani akaninong'oneza, "Umetimiza wajibu, Maalim. Chukua paja la kuku."

Mwiko ulikuwa umeshaingia sufuriani. Ndipo nikakumbuka baridi. Nikakimbia, mzee mzima na kanzu ya Idi, nikautumbukiza mwanzi mtungini, kwenye maji ya kunywa ya watu. Mama mmoja akapiga kelele. Nikauacha humo nikisoma istighfari, kisha nikaufuta, nikamrudishia Imamu. "Tazama sasa. Upesi, kabla haujapata moto."

Imamu akauweka jichoni. Akauelekeza mnazini. Akauelekeza kwangu. Mwisho akaushusha mpaka jikoni, akakaa hivyo muda.

"Jamani," akasema polepole, "mwezi umeandama juu ya sufuria ya pilau."

Mwiko ukasimama.

Watu wote wakamgeukia Makame. Yeye alikuwa na andazi mkononi.

"Makame," Imamu akasema, "wewe uliuona kwa jicho tupu. Kama uliuona, sema, kuna neno la kuzungumza. Kama hukuuona, sema."

Makame akaliweka andazi chini.

"Ndani ya mwanzi niliuona," akasema. "Nje… nje niliona uso wa Maalim. Alikuwa analia machozi. Nikasema mtu aliyehifadhi Kurani hawezi kulilia kitu kisichokuwapo."

"Na mimi leo alfajiri nilipotia shaka," nikasema, "nilisema Makame kauona kwa jicho tupu."

Mke wangu akapiga kofi. "Ajabu ya Mungu! Vipofu wawili wameshikana mikono, kila mmoja anadhani mwenziwe ndiye anayeongoza!"

Imamu akatoa hukumu pale pale. Mwezi haukushuhudiwa, kwa hiyo ni siku ya thelathini. Kila mtu ajizuie mpaka magharibi, siku hii tutailipa, na kesho tutasali Idi tena. Watoto na walio na udhuru wale. Basi tukakaa uani, wazee wazima tumenuna, tukawatazama watoto wakila pilau yetu! Kitoto kimoja kikaninyooshea mfupa. "Babu, chukua." Nikageuza uso.

Kisha Imamu akaniita kando. Alisema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko fimbo.

"Maalim, mwakani tutakapokwenda kutazama mwezi, wewe utabaki msikitini ututunzie viatu. Makame atakusaidia."

Hivyo ndivyo ilivyonigharimu. Ile nafasi niliyoitetea kwa sufuria, siki na sandarusi imekwenda, na kwa njia ya aibu kuliko ningeiacha kwa mdomo wangu. Siku tuliyoilipa ile funga, watu walipita mlangoni kwangu midomo mikavu, wakanisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo, Maalim, vipi, kumekucha au bado?" Namshukuru Mungu. Alinifedhehesha nikiwa hai, nafasi ya toba ipo.

Lakini magharibi ya siku ile ya pilau tulitoka tena. Mbingu ilikuwa nyeupe. Mara vijana wakapiga kelele, huo, huo! Mwezi wa kweli. Watu wote waliuona, Makame naye, na safari hii alimwita kijana mmoja amwonyeshe kwa kidole kwanza. Imamu akanigeukia kwa mazoea tu. "Maalim?"

Nikakaza macho. Utusitusi mwekundu, basi.

"Sikuuona," nikasema kwa sauti ya kusikika.

Hakuna aliyecheka. Makame akanishika mkono, akaniongoza njiani, tukapita palipokuwa na mizizi bila mimi kujikwaa.

Wenzangu wenye vilemba na majina, nawaomba. Ukitaka kubandika kioo, mwulize fundi, na mafuta ya nazi yaache yapikie samaki. Ukitaka kubandika heshima iliyobanduka, usijaribu kabisa. Na ukiulizwa umeona nini, na hukuona, sema hukuona. Neno "sikuona" halijamshindisha mtu njaa. "Nimeona" yangu ilishindisha njaa mji mzima, siku ya sikukuu, na pilau inatoa mvuke mbele yao!